Wilhelmina Mashimba na Ugonjwa Tuliouita Malaria

Baba Paroko, mwenyekiti wa mtaa, wakwe zetu mliotoka Mkolani, wafanyakazi wenzake na marehemu, majirani wa Ilemela na wa hapa nyumbani Kayenze, ndugu na waombolezaji wote, mimi naitwa Mhoja Mashimba, fundi cherehani wa Mabatini, mdogo wa pekee wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu Dkt. Wilhelmina Mashimba, kazi ambayo jana jioni nusura ninyang'anywe, na sababu yake mtaisikia. Karatasi hii nimeiandika mwenyewe, kwa hiyo nikikwama mahali msidhani sijui kusoma, mnivumilie tu, nitaendelea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 hapahapa Kayenze, wilaya ya Ilemela, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Paulo Mashimba, wakati huo fundi mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba, na mama Getruda Chenge, mkulima na mwimbaji wa kwaya, ambaye kaburi lake mnaliona hapo pembeni ya hili lililochimbwa asubuhi, na alibatizwa tarehe 2 Septemba mwaka huohuo. Utotoni hakuwa mtoto wa kelele, alikuwa mtoto wa kuchungulia, na wazee wa hapa bado wanakumbuka siku alipoyaiba mayai ya bata wa jirani akayaweka chini ya kuku wa mama, kwa sababu alitaka kujua kama bata akilelewa na kuku ataogopa maji kama mama yake wa kambo. Vifaranga walipoanguliwa na kuanza kutembea waliteremka moja kwa moja mpaka ziwani wakaingia, kuku akabaki ufukweni akipiga kelele na kukimbia huku na huku, na mama yetu alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga akishika mbavu. Nalisema hili kwa sababu ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka vizuri.

Kuhusu elimu, marehemu alianza darasa la kwanza Januari 1987 katika shule ya msingi ya hapa kijijini, akamaliza mwaka 1993 akiwa wa kwanza darasani, na mwaka 1994 akajiunga na sekondari ya wasichana mjini Mwanza, na hapa inanibidi nisimame, kwa sababu historia tunazozisoma chini ya maturubai haya zikifika mahali kama hapa huwa zinaruka. Miaka hiyo ya shule ndiyo miaka ambayo mama yetu alikuwa anaharibika mbele ya macho yetu. Ilianza na vyombo, sahani zikamponyoka, vikombe vikavunjika, akawa mkali yeye ambaye hakuwahi kutuchapa, akasahau beti za nyimbo alizowafundisha wenzake yeye mwenyewe, kisha mabega yakaanza kuchezacheza bila ruhusa yake na miguu ikawa inajitupa kama ya mtu anayecheza ngoma ambayo wengine hatuisikii, watu wa kwanza wakasema anakunywa, wa pili wakasema amerogwa, na wa tatu, hao ndio waliotuumiza kuliko wote, wakasema mchawi ni yeye na sasa mambo yake yamemgeukia. Alipelekwa kwa waganga, akachanjwa, akafukizwa, akarudishwa, na mwishoni akawa anafungwa kwa kanga kwenye nguzo ya kitanda ili asijiangushe motoni, na kila likizo dada yangu alipofika nyumbani jambo la kwanza, kabla ya kuvua viatu, lilikuwa kuifungua ile kanga na kumshika mama kwa mikono yake miwili mpaka alale.

Mama alifariki tarehe 3 Machi 1996, na historia yake ilisomwa mahali hapahapa, mimi nikiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, ikasema kwamba marehemu aliugua malaria kwa muda mfupi. Wilhelmina, wakati huo kidato cha tatu, alisimama katikati ya waombolezaji na sare yake ya shule akauliza kwa sauti, muda mfupi gani, miaka sita ni muda mfupi, na shangazi mmoja akamvuta gauni akakaa. Miaka michache kabla yake alizikwa babu Chenge, baba yake mama, ikasomwa kwamba alitumbukia kisimani, na kweli alitumbukia, ila haikusomwa kwamba alikuwa hawezi tena kupita njia iliyonyooka bila kuyumba na kwamba watoto walikuwa wakimfuata nyuma wakimwigiza, na dada yake babu naye akasomewa presha. Kila mmoja wao alizikwa na ugonjwa wa heshima, tukatoka hapo tukala wali, tukarudi kuoa na kuolewa na kuzaa.

Baba yangu, mzee Paulo, shikamoo, najua uko hapo kwenye kiti chako, na mwanao hakutukani.

Baada ya msiba huo marehemu alirudi shuleni, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997, akasoma kidato cha tano na sita kati ya mwaka 1998 na 2000, na mwaka 2000 akachaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea elimu ya wanyama, akahitimu Novemba 2003. Aliajiriwa kama msaidizi wa utafiti katika Kituo cha Utafiti wa Viumbe, hapa Ilemela, na Oktoba 2008 akapata nafasi ya kusoma shahada za juu nchini Ujerumani, ambako alikaa mpaka Desemba 2012, na huko ndiko alikokutana na wale nzi waliotuletea habari zetu.

Nazungumzia nzi wadogo wa matunda, hawahawa wanaozunguka ndizi zikiiva sana jikoni, ambao wataalamu huwafuga kwenye vichupa vya kioo kwa sababu huzaana haraka na mengi yanayopita katika damu yetu hupita pia katika yao. Kuna wengine walikuwa wamepandikizwa kipande cha urithi wa binadamu chenye kasoro, kitu ambacho wasomi hukiita jeni, yaani maagizo ambayo mtoto huyapokea kwa wazazi na kuyafuata mwili mzima, na kazi aliyopewa dada siku moja ilikuwa kugonga kichupa taratibu ili nzi wote waanguke chini, halafu kuwatazama wakipanda ukuta, kwa kuwa nzi mzima ukimwangusha hupanda juu papo hapo, hiyo ndiyo tabia yake. Wale wenye kasoro walipokuwa wachanga walipanda kama wenzao, huwezi kuwatofautisha, lakini walipopevuka wakaanza kuteleza, wakawa wanatupa miguu, wanazunguka, wanakaa chini ya kichupa wakitetemeka. Dada aliniambia alikiweka kichupa mezani, akatoka nje kwenye baridi, kwa sababu alikuwa amemwona mama.

Akapima damu yake hukohuko, na Januari 2010 akanipigia simu Mabatini, nikiwa nashona sare za shule, akasema, "Mhoja, mama hakurogwa." Ugonjwa unaitwa Huntington, akanitamkia mara mbili nikauandika kwa chaki kwenye meza ya kukatia kitambaa, ni ugonjwa wa ubongo unaorithiwa, hauna dawa ya kuuponya, mara nyingi humngojea mtu mpaka awe mtu mzima mwenye kazi na watoto ndipo unaanza, na mzazi akiwa nao basi kila mtoto anayezaliwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Nikafurahi, ndugu waombolezaji, mjinga mimi, nikasema ashukuriwe Mungu kumbe mama hakuwa mchawi, nikawaita na mafundi wenzangu niwaambie, ndipo nikaona kwamba dada hafurahi nami, na nikaelewa kwamba aliyepima damu alikuwa ameshapewa majibu yake.

Nimeiruka ndoa, narudi. Marehemu alifunga ndoa takatifu tarehe 27 Septemba 2003 na mwalimu Obedi Nkwabi, shemeji yangu huyu aliyekaa mbele, na wakajaliwa mtoto mmoja, Hellen, aliyezaliwa tarehe 11 Novemba 2004, yaani wakati dada anapewa majibu yake Hellen alikuwa na miaka mitano na meno ya mbele yameng'oka. Hawakuzaa tena. Wengi mlisema hapa Kayenze kwamba usomi umemla kizazi, mkamwambia shemeji atafute mwingine, mwalimu Obedi akawa anawajibu kwa upole kwamba mtoto mmoja anamtosha, na hakuna hata mmoja kati yenu aliyejua kwamba huyo mmoja mama yake alikuwa akiamka usiku kumtazama anavyolala, anatazama miguu.

Aliporudi nyumbani alirejea kituoni kwake, na mwaka 2014 yeye na mwenzake Bi Taramati, ambaye familia yake mnaifahamu kwa duka la vitambaa la mjini ninakonunulia hata mimi, walianzisha chumba cha nzi, watu wakamwita daktari wa nzi, wakacheka kwamba serikali inalipa mtu kulea kitu ambacho wenzake wanakiua kwa kandambili. Alichokuwa anatafuta ni kimoja tu, nami nitakisema kwa lugha yangu ya cherehani kwa sababu ndivyo alivyonieleza mimi: kitambaa umeshapewa, huwezi kukirudisha dukani, swali ni kama mshono unaweza kukifanya kidumu. Basi alichukua nzi wa mzazi mmoja, wenye kasoro ileile, akawagawa, wengine akawasonga kwenye kichupa kimoja na chakula kichache, mwanga ukiwaka na kuzimwa ovyo ili wasilale, wengine akawapa nafasi, uji wao wa unga wa mahindi na sukari na hamira ukiwa mbichi kila siku, mwanga kwa saa zake na giza kwa saa zake. Kisha anagonga kichupa, anatazama nani anapanda.

Na wakapanda, ndugu zangu. Mwaka 2015 wale waliolelewa vizuri waliendelea kupanda ukuta wakati ndugu zao waliosongwa wameshakaa chini, wote walikuja kukaa chini mwishoni, hilo hakulificha, lakini walichelewa, na dada yangu alipoona hivyo alishika maisha yetu sote kama alivyoshika vile vichupa. Aliwahamisha mume na mtoto kutoka Mabatini kwenye kelele za baa na viwanda vya mbao, akawapeleka juu kwenye mawe ya Ilemela ambako usiku ni usiku, akaweka saa ya kulala kwa nyumba nzima, akakataza ugomvi mezani, akaninunulia mimi raba, na kila Jumapili baada ya misa tukawa tunapanda kile kilima sote wanne, mimi nikihema na kulalamika kwamba fundi cherehani ameumbwa kukaa, yeye akiwa nyuma yetu. Miaka mingi nilidhani anabaki nyuma kwa sababu amechoka. Alikuwa anatutazama tunavyopanda.

Walirudia jaribio hilo na vizazi vingine vya nzi, kama kazi yao inavyodai, na mwaka 2018 tofauti ikapungua, wakarudia tena mwaka 2019, ikatoweka, waliolelewa vizuri na waliosongwa wakakaa chini karibu wakati mmoja, na wakagundua kwamba lile jaribio la kwanza pengine liliharibiwa na joto, kwani umeme ulikuwa unakatika mwaka ule na rafu moja ilikuwa inapata moto kuliko nyingine. Bi Taramati yupo hapa, ni shahidi, alimwambia marehemu wasubiri, wajaribu tena kabla ya kusema, naye akakataa, akasimama mbele ya wenzake akatangaza kwamba alichokisema mwanzo hakikusimama. Ile siku aliyotangaza ndiyo siku aliyomwaga chai mkutanoni. Wenzake walidhani ni huzuni, lakini yeye alijua vingine, kwa sababu vikombe vilikuwa vikimponyoka nyumbani wiki nzima.

Nafika kwenye ugonjwa wenyewe. Ulimwanza waziwazi mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka arobaini, na nitausoma wote, hautachukua muda mrefu kuliko wali wenu. Mwaka 2020 mwandiko wake uliharibika na akaacha kushika brashi ya kuchambulia nzi, Bi Taramati akawa mikono yake, yeye anatazama na kusema. Mwaka 2021 alianza hasira za mama, alimtupia mwalimu Obedi sufuria, kisha akakaa sakafuni akamweleza kwa utulivu ni sehemu gani ya ubongo iliyotupa sufuria, na shemeji akamjibu, "Basi huo ubongo nao uje ule, chakula kinapoa." Mwaka 2022 alianguka sokoni Mabatini, akawa anashindwa kuinuka, miguu inajitupa, na vijana walimzunguka wakampiga picha za video kwa simu wakisema tazama dokta alivyolewa, video ikazunguka kwenye magrupu mpaka ikamfikia Hellen akiwa chuoni, na katika wale waliokuwa wanacheka nilisikia sauti ya mteja wangu, simtaji, anajijua na yupo hapa. Mwaka 2023 aliachishwa kazi kwa ugonjwa, kwa heshima zote. Mwaka 2024 maneno yakamwishia, akawa anaelewa kila kitu na kusema kimoja kimoja, kwa shida, na chakula kikaanza kumpalia, na mwaka huu chakula kikaingia kwenye mapafu, akalazwa hospitali ya rufaa tarehe 1 Septemba, na Jumatano tarehe 10 Septemba 2025 alfajiri akafariki, mwalimu Obedi akiwa ameishika mikono yake miwili kama yeye alivyokuwa akiishika ya mama.

Jana jioni kikao cha familia kilikaa kwa ajili ya karatasi hii, na walio wengi walitaka niandike presha, la sivyo asome mwingine. Sababu zao hazikuwa mbaya, nataka mjue, kwa sababu kuna ndoa mbele yetu, Hellen ameposwa na kijana wa mzee Ngosha wa Mkolani, ng'ombe wamekubaliwa, tarehe imewekwa Desemba, na hawa wakwe zetu wapo hapa chini ya turubai moja nasi, kwa hiyo mzee mmoja akasema Mhoja ukisoma hayo mambo utakuwa umemzika binti pamoja na mama yake. Ndipo baba yangu akasema, na nimemwomba ruhusa ya kuyarudia maneno yake, kwamba mwaka 1996 ile malaria aliiandika yeye, alikuwa na watoto wawili wa kuwaoza, alijua wakisikia habari za mama yetu hakuna ambaye angetugusa, akadhani akiuficha ugonjwa utakufa na aliyeufia. Alilia mzee wangu, miaka themanini, na ni kweli mimi nilioa, na dada aliolewa, na tulipendwa, na ni ile malaria yake iliyotupatia hayo, na ni malaria hiyohiyo iliyotufanya tuzae watoto wetu gizani, wa kwake mmoja na wa kwangu watatu.

Hellen akasimama. Mtoto huyu hajapima damu yake, anasema atapima akiwa tayari na si kabla, na hilo ni lake peke yake, mtu asimuulize kwenye foleni ya chakula. Akasema, "Babu, nataka wajue kabla ng'ombe hawajafika, sio baada ya mtoto kuzaliwa," halafu akanigeukia akasema, "Mjomba, soma." Ndiyo maana nasoma.

Wakwe zetu, mzee Ngosha na wenzako, mmesikia, kama mnataka kuinuka inukeni, njia ni hiyo, hakuna atakayewasema vibaya, ng'ombe wenu bado wako zizini kwenu. Ila naomba kijana wenu akae mpaka mwisho, kwa sababu yeye ndiye anayeoa, na akiondoka aondoke anajua anachokiacha, na akibaki hivyohivyo.

Limebaki jambo moja ambalo halikujadiliwa kwenye kikao, ni langu. Tangu dada aliporudi kutoka Ujerumani, kila nilipokwenda kwake alinipa sindano na uzi akasema nitungie, nami nikadhani ni utani wa dada kwa mdogo wake fundi, natunga, anacheka, tunakunywa chai. Baadaye sana nilielewa kwamba alikuwa ananigongea kichupa. Mwezi wa nne mwaka huu, alipokuwa hawezi tena kusema zaidi ya neno moja kwa pumzi, alinionesha kwa kidevu mahali sindano ilipo, nikatunga, uzi ukapita pembeni, nikalowesha ncha, ukapita pembeni tena, mara ya tatu au ya nne ukaingia, nikainua uso nikamkuta ananitazama kwa yale macho ambayo yametazama nzi miaka mingi. Akapapasa akaichukua ile sindano, akaichomeka kwenye mto, na ilimchukua muda mrefu kutoa maneno mawili, akasema, "Miwani. Nunua." Hakunipa tena sindano mpaka amekufa.

Nilinunua, ndiyo hii nimevaa. Inawezekana kabisa ni macho, nina miaka arobaini na miwili na nimeshona usiku maisha yangu yote. Lakini huyu ni mtu ambaye alisimama na sare ya shule akaukataa uongo mbele ya kaburi la mama yake, akasimama mbele ya wasomi wenzake akaikataa hata kazi yake mwenyewe, na mimi tangu mwezi wa nne najigeuzageuza kitandani najiuliza kama mtu huyo alidanganya mara moja tu maishani, na kama aliyemdanganya ni mimi. Jibu limo humu mkononi mwangu, kwenye mshipa, linahitaji tone moja la damu, na nimeshindwa kwenda kulitoa. Naogopa. Nimeandika hapa kwamba naogopa ili nisije nikaliruka wakati wa kusoma.

Kwa niaba ya familia, naomba kutoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa hospitali ya rufaa waliomhudumia bila kumfunga kitandani, kwa wafanyakazi wenzake wa kituo na hasa Bi Taramati, aliyempa mikono yake kwa miaka mitatu na ambaye jana aliniambia kwamba vichupa havijafungwa, wataendelea, kwa Baba Paroko aliyemletea komunyo kwenye kijiko, na kwa majirani wa Ilemela. Katika majirani naomba mama Bernadeta asimame, muuza dagaa, wengi hammjui. Mama huyu, ile video ilipozunguka na dada akawa hataki tena kutoka nje, alikuja mlangoni asubuhi na ndoo yake ya dagaa, akapenyeza mkono wake kwenye mkono wa dada, wakaanza kuteremka njia ya mawe wakisimuliana umbeya kwa sauti, dada akiyumba naye anayumba, dada akitupa mguu naye anatupa, kiasi kwamba aliyewaona kwa mbali aliona wanawake wawili wanaotembea vibaya kwa kucheka, na alifanya hivyo kila asubuhi mpaka miguu ilipokataa kabisa. Dada, aliyetafuta miaka yote kama nyumba nzuri inaweza kumzuia nzi asianguke, hakulipata alilolitafuta, lakini mwanzoni mwa mwaka huu nilimuuliza anataka nini, akasema neno moja, akasema, "Bernadeta."

Mama Bernadeta, asante, unaweza kukaa. Naomba uniachie mkono wako mmoja wazi, kama nitauhitaji.

Na ninyi wote, mkiniona siku moja Mabatini natupa mguu, msiseme Mhoja amelewa, na mkija kunizika msije mkasoma malaria.

Dkt. Wilhelmina Mashimba ameacha mume, binti mmoja, baba, na mdogo wake. Dada, tumeifungua ile kanga iliyomfunga mama kitandani, tumeisoma yote, hakuna anayekutazama tena kama unapanda au unaanguka. Miguu yako imetulia. Pumzika sasa.